Karatasi za Karanga

Kiegei, Nachingwea
9 Desemba 2003

Mwanangu Lukumani,

Salaam zikufikie huko Ruangwa. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linaniuma asubuhi, likipata jua linaacha. Wewe je, unalala vizuri? Unakula? Usinijibu "nakula" tu, niambie unakula nini.

Idi imepita hukuja. Nilimchinjisha yule jogoo mwekundu, nikakuwekea paja mpaka kesho yake, halafu nikampa jirani yetu Teodosia. Akasema Ruangwa si Ulaya, huyu mtoto anashindwa nini. Nikamjibu una kazi ya kompyuta, haiachwi ovyo. Lakini na mimi najiuliza hivyo hivyo.

Tangu baba yako afariki nyumba hii ina sauti moja tu, yangu, na siwezi kusema peke yangu kutwa, watu watanifikiria vingine. Ndiyo maana nimeanza kukaanga karanga na kuuza pale njia panda. Zinaisha. Watu wanasimama, tunaongea. Magazeti ya kufungia yameadimika, lakini nimepata karatasi humu humu ndani.

Andika, hata mistari miwili. Hii nimeiandika mwenyewe siku tatu. Kile kisomo cha watu wazima hakikupotea chote.

Mama yako,
Mwanaima

*

Ruangwa
24 Januari 2004

Mama yangu,

Shikamoo. Mwili hauna neno. Pole na goti, usilitie maji ya baridi. Nakula ugali na mlenda, na siku nyingine dagaa. Umesema nitaje, nimetaja.

Nisamehe kwa Idi. Nina ugomvi na mzee Halfani, mwenye ofisi hii ya kuchapa ninayofanyia kazi, nikaogopa nikitoka nitakuta mlango umefungwa. Ile programu yangu unaikumbuka, ya kuandikisha wakulima wa korosho wapate salfa ya kupulizia mikorosho bila kugombana. Programu ni maelekezo tu, mama, unayaandika mstari kwa mstari na kompyuta inayafuata. Mzee Halfani ameiuza kwenye vyama vya msingi kwa jina lake. Tena ameitia kufuli: kila msimu karani lazima amwombe yeye namba za kuifungulia, na chama kikimpa chama kingine nakala, anasema ni wizi. Nilipomwambia ni yangu, akanijibu, "Imetoka kwenye kompyuta yangu, kwa dizeli yangu. Wewe ulileta vidole."

Lakini mimi niliiandika nyumbani, mvua za mwaka 2002, kabla sijamjua. Nilikuwa nimerudi kutoka kwenye kozi Mtwara, sina kompyuta ya kujaribia, nikawa naandika yote kwa kalamu kwenye yale madaftari matatu ya buluu. Majina yakanishinda. Kina Saidi Mohamedi walikuwa tisa Kiegei peke yake. Wewe ulikuwa unapepeta, ukaniambia, "Si umuulize kila mmoja mama yake nani?" Hapo ndipo kazi ilipofunguka.

Afisa mmoja wa wilaya amekubali kutusikiliza tarehe 20 Februari. Anataka ushahidi kwamba niliiandika kabla ya kuja huku, na madaftari yale yana tarehe kila ukurasa. Yako chini ya kitanda changu, kwenye boksi la sabuni. Mpe kondakta wa basi, nitayapokea stendi. Bila hayo sina la kusema mbele ya mtu.

Mwanao,
Lukumani

*

Kiegei
12 Februari 2004

Mwanangu Luku,

Sijui nikusalimu vipi. Uko salama? Mimi mwili unakwenda, moyo ndio mgonjwa. Barua yako ilinifikia tarehe mbili, nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo.

Madaftari yako nimefungia karanga.

Sikujua, mwanangu. Nilifungua nikaona maandishi si Kiswahili, hayasomeki, nikasema haya ni ya kozi, yamekwisha kazi yake. Mawili yameisha kabisa, la tatu limebaki gamba. Nimewauzia watu wa hapa, wa Mtua, wa Nambambo, na wenye baiskeli wanaopita ambao hata majina yao siyajui.

Siku ya pili yake niliacha kuuza, nikaanza kuyatafuta. Nyumba kwa nyumba, hodi, samahani, ile karatasi niliyokufungia karanga iko wapi. Wamenicheka. Mzee mmoja wa Mtua akaniuliza kama na karanga zenyewe nazitaka zirudi. Mwingine alikuwa ameivutia tumbaku, akanionyesha majivu, nikayaangalia kama mjinga. Nambambo nimekuta moja imeziba tundu la ukuta, nikaibandua na kuahidi kuja kupiga udongo. Moja ilikuwa chini ya mkeka. Goti limevimba, usijali.

Ya tatu nimeipata kwa mwalimu Eusebio wa shule ya msingi. Yeye alikula karanga, akaisoma karatasi, akaiweka ndani ya kitabu akidhani ni hesabu za juu ambazo hajafundishwa. Hiyo ina tarehe, 17 Machi 2002. Na pembeni pana mwandiko wangu mimi. Saidi wa Somoe, Saidi wa Hadija, Saidi wa Binti Chilumba. Ulinipa kalamu siku ile, umesahau? Ukasema naandika vizuri.

Ni hizo tatu tu, zina mafuta. Kondakta amezichukua leo, nimemwapisha.

Hayo ya mzee Halfani, mimi kompyuta siijui. Lakini nikienda kwa Teodosia nikachukua kijinga cha moto, nikarudi kwangu nikasonga ugali, ugali huo ni wa Teodosia? Nitamshukuru, na akija nitamkaribisha ale. Basi. Na hilo la kufuli ndilo silielewi kabisa. Mbegu yangu ya ufuta mweupe nilipewa bure. Kila anayekuja nampa kibaba, sharti langu ni moja, mwakani akiombwa na yeye asinyime. Sasa hivi ipo mpaka Mtua. Mwaka ule panya walipoingia ghalani kwangu hawakuacha punje, nani alinipa ya kupanda? Wale wale niliowapa. Ningeifungia, leo isingekuwepo.

Nijibu, hata kama ni kunigombeza.

Mama yako,
Mwanaima

*

Ruangwa
6 Aprili 2004

Mama,

Shikamoo. Natumaini uvimbe wa goti umeshuka. Mimi nipo.

Sikuandika kwa sababu nilikasirika, na sikutaka hasira ifike huko ikukute peke yako. Sasa imekwisha.

Basi lilikwama kwenye matope. Karatasi zilifika tarehe 23, siku tatu baada ya kusikilizwa. Hata hivyo nilizipeleka, afisa akatuita tena wote wawili. Mzee Halfani alizinusa, akasema, "Ushahidi wako haujakolea chumvi." Afisa akacheka, halafu akaacha kucheka, akawa anasoma yale majina ya pembeni. Akauliza nani kaandika. Nikasema mama yangu. Akasema kwa karatasi tatu hawezi kuzirudisha programu zilizokwisha kuuzwa, ila mzee Halfani naye hana la kunizuia nisiandike yangu upya.

Kazi nimeacha. Nimeiandika tena kutoka kichwani, wiki tano, kwenye kompyuta ya rafiki, na kufuli sikuitia. Ukiifungua, ukurasa wa kwanza una masharti: "Chukua, tumia, ifungue uone ndani, rekebisha panapokushinda. Ukiombwa usinyime, na uliyempa naye asinyime." Nimesoma kwamba huko nchi za nje wapo wanaogawa programu zao hivyo hivyo, na wapo wanaowaona wamerukwa na akili, na wanapelekana mahakamani. Mimi nilikuwa nimeshayasikia kwako, kwenye ufuta.

Wenzangu wananiuliza nitakula nini. Chama kikitaka karani wake afundishwe, kinanilipa nauli na siku zangu. Ndicho nitakachokula. Cha Nachingwea mjini kimeshaichukua. Wiki hii naondoka kwenda Mtwara, kisha sijui, wananiita huku na huku. Nikipata nafasi nitapita nyumbani.

Mwanao,
Lukumani

*

Kiegei
27 Juni 2004

Mwanangu Lukumani,

Huko uliko, kama ni Mtwara au pengine, upo mzima? Barua niliyokuandikia mwezi wa tano hukuijibu. Nadhani haikukukuta. Hii nampa dereva wa lori la mchanga anayekwenda Mtwara, anasema ataulizia wenye kompyuta, hawawezi kuwa wengi. Goti limepona. Ufuta nimevuna, umetoka vizuri kuliko mwaka jana.

Tundu la ukuta kule Nambambo nimeshalipiga udongo, niliahidi. Karanga siku hizi nafungia majani ya mgomba. Nimenunua madaftari matatu ya buluu, sijaandika kitu, yako kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda chako. Chumba nakifagia Ijumaa.

Alhamisi nilikwenda Nachingwea mjini kwenye chama, kujiandikisha salfa. Karani ni binti mmoja anaitwa Letisia. Hiyo programu yako wao wanaiita Mama Nani, maana ndilo swali lake la kwanza ukishataja jina. Nilipomwambia mimi ni nani akasimama, akanipa kiti chake, akasema, "Bibi, soma mwenyewe." Nikasoma, herufi moja moja, yeye akasubiri, na watu wa nyuma yangu wakasubiri, hakuna aliyeguna. Maneno ya ufuta yapo vile vile. Chini yake imeandikwa, Lukumani, na Mwanaima wa Kiegei. Jina langu nimelisoma mara mbili. Halafu umeme ukakatika, kioo kikawa cheusi, nikajiona uso.

Tukakaa kuungojea. Letisia akanieleza kwamba ameshaigawa Masasi na huko huko Ruangwa, na chama kimoja kilichonunua ya mzee Halfani kimeiacha kimechukua yako. Wote wanakutaja kama mtu aliyetoka pale sasa hivi. Lukumani alisema hivi, Lukumani alikaa hapa. Mwezi wa tano ulikuwa mjini hapo siku mbili, Luku. Letisia ndiye aliyeniambia, alidhani najua. Sikumwonyesha kitu. Nilisema ndiyo, alinieleza.

Sikulaumu. Labda ile hasira haikuwa imekwisha yote, na ulitaka iishe njiani kwanza. Iache iishe. Mimi nipo.

Umeme uliporudi akaniandikisha. Jina, Mwanaima. Mama yake nani, Saada. Mikorosho arobaini na miwili. Kisha akauliza nani wa kunipokelea salfa siku ambayo sipo. Nikasema Lukumani. Akaandika, kompyuta ikakataa. Akanitazama kwa haya, akasema, "Bibi, yeye mwenyewe aliweka kwamba lazima awe mtu anayeishi na wewe. Niandike nani?"

Teodosia haishi na mimi. Nikamuuliza kama inakubali mtu aache hapo pasipo jina. Akasema inakubali, haifungi, siku akipatikana mtu anaingizwa tu.

Nikamwambia, basi paache wazi.

Mama yako mzazi,
Mwanaima