Mbigili na Panya wa Uani

Alhamisi, baada ya isha

...na bado sijalia. Fungate imekwisha, mimi ni mke wa Omari wangu, mzuri kiasi kwamba akicheka nasahau nilichokuwa nikisema, na moyo umetulia kama maji ya kisimani. Furaha najua ipo. Siihisi tu.

Leo nilifagia uani. Mbigili umetambaa mchangani, maua ya manjano kila mahali, na pembeni panya wa vichakani amechimba tundu lake. Wifi yangu Fatuma akasimama mlangoni.

"Bibi harusi wa Chovae, wewe ni yupi hapo? Panya au mbigili?"

"Mbigili. Maua ninayo."

"Na miba je?"

"Muulize kaka yako!"

Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Tangu hapo nawaza. Mbigili hauna miguu. Hunasa kwenye nyayo za watu na kuota popote unapodondoka. Ndivyo nilivyofika Kismayo. Panya huzurura apendavyo, lakini tundu lake analijua. Mama yuko peke yake kisiwani Chovae, na siku ya kuondoka nilimpa mkono kama mgeni, bila chozi. Naogopa nimeshaota huku.

Nimemwambia Omari nataka kumwona Mama. Hakuuliza sababu. Alinitoa mwiba wa mbigili kisiginoni, taratibu, akasema boti za Chovae zipo.

Mama, nitakuja kabla mwezi huu haujaisha, nikae nawe mpaka nilie.