Nyanya za Dada Burul

Shoga, Burul! Burul jirani yangu wa juu, niliyekuwa namwita dada!

Leo mafundi wamekuja kubadilisha mabomba ya maji ya moto yanayopasha joto jengo zima. Wakashangaa kwangu kulivyo baridi. Tukapanda kwake, maana maji ya moto yanaanzia juu ndipo yashuke kwangu.

Balkoni yake, shoga! Ameiziba kwa vioo, akaunganisha radieta tatu za kupashia joto kwenye bomba letu. Nje theluji, ndani nyanya zimeiva!

Nikamuuliza, "Dada, kumbe joto langu liko huku?"

Eti, "Usikasirike, Aichurok. Nyanya hazivumilii baridi."

Nyanya hazivumilii! Mimi ninayelala na koti je?

Na unajua nilisimama pale nimevaa nini? Soksi za sufu alizonifumia yeye, akanipa akisema, "Pole na baridi, mdogo wangu."