Nimejinyoa Mwenyewe, Papa Mireille

Mume wangu, Papa Mireille,

Ninakuandikia kutoka Likasi, nyumbani kwa binti yetu, na kichwani sina unywele hata mmoja. Usicheke. Au basi cheka, maana ni wewe uliyenifundisha kazi hii, ingawa ulikuwa kinyozi mbaya sana.

Nakumbuka asubuhi zako za Jumapili pale nyumbani Ruashi. Ulikuwa unatundika kioo kwenye msumari wa mlango wa jikoni, unavua shati, unawasha tondeuse yako, ile mashine ya kunyolea iliyopiga kelele kuliko kukata. Miaka yote ya ndoa yetu sikukuona ukiingia kwa kinyozi. Ulisema hutaki mwanaume mwenzako akuinamishe kichwa. Basi ukawa unajinyoa mwenyewe, kisha unatoka na mistari kisogoni kama matuta ya mihogo kule Kasungami, na mimi nakukimbilia nikumalizie. "Acha, mbele iko muzuri," ulikuwa unasema. "Nyuma ni ya batu benye kunifuata."

Na ile siku courant ilikatika, tondeuse ikazima ukiwa umefika katikati! Nusu ya kichwa inang'aa, nusu bado msitu, na saa ya ibada imefika. Ukataka kwenda kanisani na kofia. Nilikukalisha juu ya ndoo, nikachukua mikasi ya cherehani na wembe. Ulinishika nguo kwa mikono miwili, wewe mwanaume mzima unayeendesha lori mpaka Kasumbalesa, ukawa unanielekeza. "Usiamini macho. Pitisha mukono, mukono njo inaona." Kweli mkono ndio ulioona, na tulichelewa ibada tukicheka. Tangu siku hiyo kisogo chako kikawa changu, na sijui kama niliwahi kuwa na kitu kingine chochote kilichokuwa changu namna ile.

Kisha uliugua wiki tatu tu, ukaondoka. Dada yako Ya Godé, aliyekuwa ametoka Mwene-Ditu kuja kukuuguza, ndiye aliyeninyoa siku ya mazishi. Alinikalisha chini mbele ya wanawake wa familia yenu, akaondoa nywele zote kwa wembe, akazifunga kwenye kitambaa na kwenda nazo. Sikukataa. Ni desturi yenu, na siku ile hata angenikata kichwa chenyewe nisingesikia. Akanivika nguo nyeusi, akaniambia mimi wifi yake wote wakisikia, "Bifi, usiguse kichwa. Njo mimi nimekunyoa, njo mimi nitakuya kukunyoa tena siku ya kutosha kilio." Mwaka mmoja, alisema, ndipo nitolewe kwenye kilio. Kisha akarudi kwao.

Mwaka uliisha, Papa Mireille. Ikapita miezi mitano mingine. Nywele ziliota, zikajisokota, zikaniwasha, na sikuruhusiwa kusuka, kupaka mafuta wala kukata. Kanisani nilikaa benchi la mwisho. Harusi za majirani nilizisikia nikiwa uani kwangu. Watu walinisalimia bila kunipa mkono, na wenye watoto wachanga walikuwa wanavuka barabara wakiniona, kwa sababu wanasema kilio cha mjane kinamshika mtoto, akaugua. Nyumba ile uliyoijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, ikanifunga, na mlango wake ulikuwa wazi mchana kutwa.

Kila nikimpigia simu dada yako, ana sababu. Mara treni haijatoka. Mara homa. Mara atakuja mwezi unaofuata. Nitakuambia ukweli, nilimchukia. Nilimwona amekaa kwao, ananishika kwa nywele zangu mwenyewe.

Halafu Mireille akajifungua kwa operesheni. Mtoto wa kiume, mjukuu wako wa kwanza, na wamempa jina lako. Mumewe anafanya kazi mgodini, anarudi nyumbani siku chache tu kwa mwezi, na mama mzazi wa mumewe alishafariki. Binti yako alinipigia simu akilia. "Mama, tumbo inaniuma, sijue hata namna ya kumunawisha. Unakuya siku gani?" Ningemjibu nini? Anajua desturi kama mimi. Mama yake yupo mzima, ana nguvu, ana mikono miwili, na hawezi kumshika mjukuu wake.

Nikampigia Ya Godé. Nilimwomba kwa machozi aniachilie hata kwa simu, aseme tu neno mbele ya mashahidi.

"Kilio haitokake kwa telefone, bifi," akasema. "Ngoja kidogo."

Nilingoja siku mbili. Siku ya tatu, Alhamisi asubuhi, nilifunga mlango wa chumba chetu na kukaa mbele ya kioo. Courant haikuwepo, bila shaka. Nikaanza na mikasi, kisha wembe na sabuni. Nilianza mbele, nikakunja sikio kama ulivyokuwa unakunja lako, na huko nyuma niliacha kutazama, nikapitisha mkono. Nilijikata mara moja. Nilipomaliza nilidhani nitajisikia mwepesi. Nilijisikia mwizi. Nywele nilizikusanya kwenye gazeti, nikabaki nimesimama nazo, kwa maana sijui zile za kwanza dada yako alizipeleka wapi, wala hizi zinapaswa kwenda wapi. Nikaziweka chini ya kitanda, upande wako.

Nikavaa kitenge, pagne ya rangi, nikapanda basi la Likasi. Nilikuwa nasubiri mtu anishike mkono aniulize ninakwenda wapi. Hakuna aliyeniuliza.

Mireille alikuwa amekaa kitandani na mtoto. Aliponiona alifurahi, halafu akatazama kitambaa changu cha kichwa, na nikaona mikono yake inamvuta mtoto kifuani.

"Mama, tantine alikuya?" akaniuliza juu ya shangazi yake.

"Ee."

"Njo yeye alikunyoa?"

"Ee," nikasema. "Njo yeye."

Akanyoosha mikono, akanipa mtoto wake.

Sasa ni siku ya tisa. Namkanda Mireille kwa maji ya moto, namwogesha mtoto, napika. Nimetoka kwenye nyumba ile, nimeingia ndani ya neno moja nililosema mlangoni, na humu mnabana zaidi. Mtoto akikohoa, mimi ndiye ninayekosa pumzi. Juzi alipata joto kidogo, nikajificha jikoni nikitazama mikono yangu. Ninaogopa, Papa Mireille. Kama nimekosa, hasira yako iwe juu yangu. Huyu mdogo hajui lolote.

Na jana, kabla sijamzuia, Mireille akachukua simu ampigie shangazi yake. Akaweka sauti juu ili na mimi nisikie. Nilikuwa na mtoto mapajani, sikuweza hata kusimama.

"Tantine, merci sana ya kumunyoa mama," akasema. "Bila wewe ningefanya je?"

Nikafikiri simu imekatika. Nikaomba iwe imekatika.

"Ya kumunyoa?" akauliza Ya Godé.

"Ee, tantine. Amefika hapa kichwa safi."

Kisha nikasikia sauti yake, taratibu kabisa: "Ee, mutoto yangu. Ni mimi. Mama yako hakulia hata kidogo. Sasa umupatie telefone, na utoshe ile sauti ya juu."

Niliweka simu sikioni. Nilikuwa tayari kutukanwa. Nilikuwa na maneno yangu pia, ya miezi mitano.

"Bifi," akasema, "treni ilikuwako. Homa sikukuwa nayo. Mi nilikuwa najua, siku nitakunyoa, kaka yangu atakuwa amekufa ya kweli. Njo maana sikukuya."

Akalia. Sijawahi kumsikia akilia, hata siku ile ya kaburini. Maneno yangu yote yakanipotea, nikabaki namsikiliza, na mjukuu wako huyu mwenye jina lako amenishika kidole.

Wewe umelala, Papa Mireille, na mimi na dada yako tumebaki na kazi ya kukuzika mara ya pili, kila mmoja mahali pake. Nimekulilia mchana wa leo kuliko mwaka mzima wa nguo nyeusi. Ukipata njia ya kuja ndotoni, anza kwa Ya Godé. Mimi nimezoea kungoja.

Mkeo,
Mama Mireille