Kasa Wangu Anafuata Kila Ndoo

Dada mshauri, nakuandikia huku mwanangu amelala mapajani, ukiona mstari umepinda ujue kajigeuza, nina jambo limenikaa kooni na nyumbani hakuna wa kunisikiliza.

Nafanya kazi kwenye hoteli ya kisiwani, upande wa nyuma, kwenye kituo cha kutibu kasa walionaswa au kugongwa baharini, kazi yangu ni kusafisha mabwawa na kuwalisha, basi kuna mmoja tunamwita Bibi Harusi kwa sababu aliletwa wavu umemfunika kichwa kama shela, kakonda, pezi limekatika nusu, hataki kula, nikakabidhiwa mimi. Sasa pale kuna sheria, mlishaji anasimama nyuma ya turubai anatupa ngisi kwa juu, kasa asimwone, asije akazoea kwamba mtu maana yake chakula. Lakini nyuma ya turubai nitajuaje kama amemeza? Nikawa nachungulia, kisha nikawa nakaa ukingoni, kisha nikawa namtia ngisi mdomoni na kumwambia "kula mama, kula," kama ninavyomwambia wangu, na akala, akanenepa, daktari wa kituo akanisifu mbele za watu.

Nikaanza kujiuliza, hivi huyu ananijua? Maana nikitokea tu, anakuja mbio anatoa kichwa majini. Nikasema nijaribu, nikaenda mikono mitupu, nikaita, nikaimba, wapi, akanipita kama wifi tuliyegombana naye. Niliumia, usinicheke. Halafu fundi bomba akapita na ndoo yake nyeupe ya saruji, inafanana na yangu ya ngisi, Bibi Harusi huyooo, akamfuata ukuta mzima mdomo wazi. Fundi akacheka, "Shemeji, mgonjwa wako huyu hata zege atakula!" Mimi sikucheka. Wavuvi na waendesha boti za wageni, nani hana ndoo nyeupe?

Jumamosi anaachiwa arudi baharini, meneja ameshaalika wageni na wapiga picha. Nikisema, watajua nilivunja sheria, na kazi hii ndiyo inatulisha. Nikinyamaza, ataifuata boti ya kwanza, pangaboi la injini limkate. Mume wangu anasema, "Yule kasa, si mtoto wako, funga mdomo." Nifanyeje? Na je, kweli hanijui hata kidogo?

Mama wa Mabwawani

JIBU

Mama wa Mabwawani, pole. Kulea mtoto na mgonjwa kwa pamoja si mchezo. Pole imekwisha, sasa tuelewane.

Unaniuliza kama useme, na jibu umeliandika mwenyewe: "Mimi sikucheka." Asiyejua la kufanya angecheka na fundi.

Mkono wako ndio uliomwokoa, hilo hakuna wa kukunyang'anya. Lakini alipopata nguvu ulitakiwa urudi nyuma ya turubai, hukurudi, kwa sababu kupendwa ni kutamu. Hapo ndipo ninapokugombeza. Mtoto aliyeota meno hatafuniwi.

Kesho, kabla hujashika ufagio, nenda kwa daktari. Kwa daktari, si kwa meneja; meneja ana wageni wa kuwaogopa. Usianze na machozi wala "shetani alinipitia." Mpeleke ukingoni, fundi apite na ndoo yake, aone kwa macho. Kisha mwambie: nilimlisha kwa mkono, naomba Jumamosi isogezwe. Utafokewa. Kwamba kazi itabaki sikuhakikishii, nitakuwa nakudanganya. Ila boti ikishamkata, hutapata tena wa kumwambia neno hilo likasaidia. Na mumeo mwambie kabla hujatoka nyumbani. Atanung'unika, mwache anung'unike, asije akasikia kwa majirani.

Ukibakizwa, omba wewe ndiye umfundishe kuogopa watu na ndoo zao. Namna yake daktari anaijua, mimi si bingwa wa kasa. Itakuuma kuliko kumwachisha mwanao ziwa, na utafanya hivyo hivyo.

Kama anakujua? Sijui, mdogo wangu, na tangu barua yako ifike nami najiuliza, maana hata kitinda mimba wangu nikirudi sokoni hutazama mikono kwanza, uso baadaye. Ila hilo si swali la Jumamosi. Siku Bibi Harusi atakapokuona ukingoni akapiga mbizi kukukimbia, usimwite. Nenda kamwambie daktari kwamba sasa kasa yuko tayari kuachiwa.