Mstari Mmoja kutoka Kompyuta Namba Tisa

Chuoni, Tunduma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Najua msimu wa korosho umeanza huko Nachingwea, na kukwambia upumzike ni kazi bure. Angalau mikorosho ya mbali waachie akina kaka. Mimi ni mzima. Nimeona niandike, kaka akusomee taratibu, maana kwenye simu unaniuliza kama nimekula, kisha salio linaisha.

Unamkumbuka Mzee Simkoko, mtunza chumba cha kompyuta? Ndiye aliyenipa koti lake nilipofika huku na baridi ikanikuta na kanga mbili tu. Mwezi uliopita alisimamishwa kazi. Kompyuta zilikuwa zinaibwa RAM, vile vipande vidogo vya ndani vinavyozipa nguvu ya kufanya kazi, na funguo alikuwa nazo yeye. Hakubishana. Aliweka funguo mezani kwa mkuu wa idara, akarudi kwao Ihanda.

Wakati huo tulikuwa watatu kwenye mradi wetu wa mwisho: mimi, Atupele wa kule Mbebe, na Lusekelo wa Isongole. Tulikuwa tunabuni mfumo wa kuzisimamia kompyuta zote za chumba kile kwa mtandao. Kila dakika kila kompyuta inatuma taarifa kwenye seva, ile kompyuta kuu: kama imewashwa, ina joto kiasi gani, ina RAM kiasi gani. Mimi nilishika mtandao, Atupele programu ya kukusanya taarifa, Lusekelo kurasa za kuzionyesha. Mama, kijana yule ni mwepesi. Kazi ya siku tatu anaimaliza asubuhi moja.

Sehemu ya RAM ilitusumbua sana, ikawa inaleta namba za uongo. Jumatatu moja jioni Atupele aliirekebisha bila kutuambia, aone kwanza kama itakubali. Kesho yake saa nne asubuhi, kompyuta namba tisa ikazimwa. Ilipowaka tena, ilikuwa na nusu ya RAM yake. Muda huo wengine sote tulikuwa ukumbini kwenye semina. Lusekelo peke yake ndiye aliyekuwa ameomba funguo, eti amalizie kurasa zake.

Tulimwonyesha mstari wa taarifa hiyo kwenye seva. Aliusoma ule mstari, akavuta kiti akakaa.

"Ni mstari mmoja tu," alisema. "Tuufute. Hii nitairudisha leo leo."

"Na zile za mwanzo?" Atupele akamuuliza.

Akasema kuna fundi mjini anayezinunua, na hakudhani mzee angeondolewa.

"Lakini aliondolewa," nikamwambia, "nawe ukaendelea."

Sikufichi, Mama, hata mimi nilitamani kuufuta. Zilibaki wiki mbili tusimame mbele ya walimu, na bila Lusekelo kurasa zetu zilikuwa nusu. Atupele alikuwa analia. Nikamfikiria mzee ameketi nyumbani, na majirani wanajua sababu. Nikamwambia Lusekelo, "Kesho hadi saa sita uwe umekwenda mwenyewe kwa mkuu wa idara. Usipokwenda, tutakwenda sisi."

Alikwenda. Amesimamishwa mwaka mmoja.

Mimi na Atupele tulipanda gari hadi Ihanda kumpa habari kwamba anarudishwa kazini, tukamkuta mzee anapalilia kahawa. Alitusikiliza akiwa ameegemea jembe. Nilidhani atafurahi. Aliuliza tu, "Huyo kijana, kwao wameshajua?" Tukasema hatujui. Akaweka jembe chini, akaingia ndani kutafuta viatu vyake vya kazini.

Kurasa zilizobaki tulijifunza kuzitengeneza wenyewe. Si nzuri kama zake, ila zinafanya kazi. Kabla ya kukabidhi ripoti, mkuu wa idara alitaka jina la Lusekelo litolewe. Nilikataa, Mama. "Wizi ni wake na adhabu ameipata," nilisema. "Kazi hii nayo aliifanya." Alinitazama weee, mwisho akasema libaki.

Jumatano tukasimama mbele ya walimu. Mmoja akanyanyuka, akaenda nyuma akachomoa waya wa kompyuta ya mwisho. Dakika haijaisha, skrini yetu ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba kompyuta hiyo haipatikani. Akauchomeka, ikarudi kijani. Tumefaulu, Mama.

Likizo hii sitakuja. Chuo kimetuomba tuufunge mfumo huu kwenye vyumba vingine viwili, na nataka niumalize kwa mikono yangu. Mzee Simkoko ndiye anayetufungulia mlango kila asubuhi. Usisikitike, nitakuja wakati wa ufuta.

Nisalimie Bibi, umwambie dua zake zinafika hata huku milimani. Msalimie kaka anayekusomea, na mkewe, na Mama Mdogo Salima anayekukanda mgongo. Atupele naye anakuamkia.

Lusekelo nimempigia mara tatu, hapokei. Kesho nitampigia tena.

Ni mimi binti yako,
Somoe