Ukingo wa Picha ya Nyumba ya Thackwell

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hester Ollerenshaw. Umri: miaka 66. Kazi: mtengenezaji wa fremu za picha. Makazi: Cressholme, Derbyshire.

Leo Jumapili, tarehe 10 Machi 2019, saa 3:45 asubuhi, mimi na kaka yangu Ambrose tulikuwa tukienda kanisani kwa njia ya mtoni, inayopita nyuma ya nyumba ya Thackwell. Njia hiyo ndiyo tuliyompitishia mama tulipokwenda kumzika. Tulikuta geti lina kufuli jipya. Bwana Tarrant, aliyeinunua nyumba hiyo mwaka jana, alisimama upande wa pili na kikombe chake cha chai.

Ambrose akamwambia njia ni ya watu wote, na picha ya nyumba hiyo iliyo kwenye ukumbi wa kijiji inaionyesha. Picha hiyo ilichapwa kwa bamba la shaba zamani, mwaka ule ule Thackwell, mwenye kiwanda cha pamba, alipomaliza kuijenga nyumba. Bwana Tarrant akacheka.

"Mzee, picha yako nimeitazama. Njia nimeiona. Palipoandikwa ni ya nani sijapaona."

Ambrose akaokota jiwe, akalipiga kufuli mara tatu likavunjika. Sikumzuia. Bwana Tarrant akawapigia simu ninyi polisi, mkaja.

Sasa Konstebo, hili naomba liandikwe lote, maana ndilo linaloninyima utulivu. Maandishi yalikuwapo. Yalikuwa chini ya picha, ukingoni: "pamoja na njia ya watu wote iendayo kanisani." Mwaka 1981 kamati ya ukumbi iliniletea picha hiyo niiwekee fremu. Fremu niliyokuwa nayo ilipungua vidole viwili. Siku hizo mafundi tulikata kingo bila kuwaza, mradi picha yenyewe ibaki. Nilikata. Kipande nikakitupa motoni.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na kufuli. Ambrose hajui. Mlipomtia pingu alinigeukia.

"Dada, waambie wewe. Picha ile imepita mikononi mwako."

Kisha akawaambia ninyi kwamba mikono yangu haijawahi kukosea. Nilitamani ardhi inimeze.

Mshtakini kwa kufuli, lakini msimwite mwongo.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nayatia sahihi kwa mkono ule ule.

(Sahihi) H. Ollerenshaw

Yameandikwa nami, Konstebo I. Pratley, saa 8:50 mchana. Shahidi amesomewa, amekubali. Alipewa kiti, hakukikalia. Ameomba amwambie kaka yake yeye mwenyewe. Nimempa dakika tano.