Sahani za Mama Nyamburi

Esta, nimeaibika mbele ya darasa zima la takwimu hapa Kiabakari!

Tulitumwa kuhesabu watu wa kila nyumba, ili kisima kichimbwe penye watu wengi. Wazee wetu hawapendagi watoto wahesabiwe, basi nikauliza, "Mnapakuaga sahani ngapi?"

Mama Nyamburi akajibu mia moja. Nikaona haya kuuliza tena. MIA MOJA, Esta!

Leo grafu iko ukutani, nguzo yake imegusa dari. Mwalimu akauliza, "Binti, huyu mama ana watoto mia?"

Ndipo nikakumbuka, nikanong'ona, "Anauza chakula."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti.

Sasa mwenyekiti wa kijiji alishampigia Mama Nyamburi simu kumpongeza kwa kupata kisima. Mama mwenyewe yuko hapa mlangoni na jogoo wa shukrani, anauliza kisima kitakuwa upande gani wa jiko. Nimwambieje?